Vijana hawajiingizi katika sigara, huingizwa

Mcheza kwao hutuzwa, ndivyo walivyonena wahenga. Kila mwaka, Siku ya Kutotumia Tumbaku Duniani inapoadhimishwa tarehe 31 Mei, Shirika la Afya Duniani huwatuza watu na mashirika ambayo yamejitolea mhanga kupambana na tumbaku. Majina husomwa, vyeti hutolewa, picha hupigwa. Sina kinyongo na tuzo hizo. Mtu aliyetumia miaka yake kutafuta njia ya kuwakinga wenzake dhidi ya saratani anastahili kuvikwa koja. Hata hivyo, nahofia kwamba tumezoea kuwapigia makofi watafiti hawa huku tukikataa kusema walichokigundua. Heshima ya namna hiyo ni sawa na kumpamba bwana arusi kisha kumfungia mlango.

Kazi yangu ni isimu, wala mimi si tabibu. Basi msomaji aniwie radhi nikianza na sarufi. Katika hafla za shule, katika mahubiri, hata katika hotuba za viongozi wetu, kuna sentensi moja ambayo sote tumeisikia mara zisizohesabika: "Vijana wanajiingiza katika uvutaji wa sigara." Mwanafunzi yeyote wa kidato cha pili anaweza kukuambia kiambishi ji kina kazi gani hapo. Kinatufahamisha kwamba mtenda na mtendwa ni mtu mmoja. Kijana ameingia, na aliyemwingiza ni yeye mwenyewe. Hakuna mtu mwingine katika sentensi hiyo.

Miaka thelathini au arobaini baadaye, mtu yuyo huyo husemwa kwa sentensi nyingine: "Masikini, amepatwa na saratani." Hapa napo mtenda hayupo. Saratani imemjia kama radi katika siku ya jua. Kati ya sentensi hizo mbili, ile ya kwanza inayomlaumu mtoto na ile ya pili isiyomlaumu yeyote, aliyenufaika amepata mwanya wa kupita bila kuonekana. Watafiti ninaotaka kuwataja leo ni watu waliokataa sentensi zote mbili. Walimtafuta mtenda.

Nianze na mwalimu na mwanafunzi wake, kwa kuwa ukurasa huu husomwa na walimu na wanafunzi. Mwishoni mwa miaka ya 1940, katika chuo kikuu kimoja mjini St. Louis, Marekani, palikuwa na mwanafunzi wa udaktari aliyeitwa Ernst Wynder. Alizaliwa Ujerumani, na familia yake ilikuwa imehamia Marekani kuukimbia utawala wa Hitler. Wynder aliingiwa na shauku ya kujua ni kwa nini wanaume wengi waliokuwa wakifa kwa saratani ya mapafu walikuwa wavutaji sugu wa sigara. Akampelekea mwalimu wake swali hilo. Mwalimu huyo, Evarts Graham, hakuwa mtu wa kawaida. Yeye ndiye mpasuaji ambaye mwaka wa 1933 alifaulu kuliondoa pafu zima la mgonjwa wa saratani, naye mgonjwa akaishi. Tena Graham mwenyewe alikuwa mvutaji mkubwa. Inasimuliwa kwamba alilipokea wazo hilo kwa kejeli, akisema kuwa hata uuzaji wa soksi za nailoni ulikuwa umeongezeka kwa kiasi kama hicho.

Pamoja na kejeli hiyo, Graham hakumzuia mwanafunzi wake. Alimruhusu akusanye habari, na habari zilipokusanywa akazikubali. Makala yao, yaliyohusu wagonjwa 684, yalichapishwa mwezi wa Mei 1950 katika jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani. Baadaye Graham aliacha sigara, lakini alikuwa amechelewa. Alifariki mwaka wa 1957 kwa saratani ya mapafu, ugonjwa ule ule aliokuwa bingwa wa kuupasua. Yule mgonjwa aliyemtoa pafu mwaka wa 1933 alimzika daktari wake. Mimi kama mwalimu sijui kisa kinachonipa unyenyekevu kuliko hiki. Mwalimu alifundishwa na mwanafunzi, akakubali kufundishwa, na bado gharama ya zamani ikamfuata.

Mwezi wa Septemba mwaka huo huo wa 1950, Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, walitoa matokeo yao kutoka hospitali 20 za London. Doll alipoanza kazi hiyo alidhani kwamba mkosaji angekuwa lami ya barabara au moshi wa magari. Naye alikuwa mvutaji. Lakini walipowahoji wanaume 649 waliokuwa na saratani ya mapafu, waliwapata wawili tu ambao hawakuwa wavutaji. Miongoni mwa wanaume 649 wa umri kama wao waliokuwa na maradhi mengine, wasiovuta walikuwa 27. Huenda tofauti hiyo ikaonekana ndogo kwa asiyezoea hesabu, maana siku hizo karibu kila mwanamume wa Uingereza alivuta. Hata hivyo, kadiri mtu alivyovuta sigara nyingi zaidi kwa siku ndivyo alivyozidi kuwa hatarini. Doll aliacha sigara kabla utafiti haujafika mwisho.

Mwaka wa 1951 wawili hao walianza kuwafuatilia madaktari wa Uingereza wenyewe, wanaume 34,439. Ufuatiliaji huo ulichukua miaka 50. Matokeo ya mwisho yalitolewa mwaka wa 2004, wakati Hill alikuwa amekwisha kufariki na Doll ametimiza miaka zaidi ya 90. Yalionyesha kwamba aliyevuta sigara maisha yake yote alipoteza, kwa wastani, miaka kumi ya kuishi. Lakini yalionyesha pia jambo ambalo mahubiri yetu hulisahau: aliyeacha akiwa na umri wa miaka 60 aliokoa mitatu kati ya hiyo kumi, aliyeacha akiwa na 50 aliokoa sita, aliyeacha akiwa na 40 aliokoa tisa, na aliyeacha akiwa na 30 aliokoa karibu yote. Walimu wenzangu mnaovuta, tafadhali zisomeni tena tarakimu hizo kabla ya kugeuza ukurasa.

Basi sentensi ya pili ikawa imesahihishwa. Saratani hii haikushuka kama radi. Ilikuwa na sababu, na sababu hiyo ilitengenezwa kiwandani, ikafungwa katika pakiti, ikauzwa. Ilibaki sentensi ya kwanza, ile ya kijana anayejiingiza. Hiyo ilimngoja daktari mwingine kwa miaka 41.

Daktari huyo aliitwa Paul Fischer. Alikuwa tabibu wa familia na mwalimu katika chuo cha udaktari cha mji wa Augusta, jimbo la Georgia, Marekani. Tangu 1988 kampuni ya R.J. Reynolds ilikuwa ikitangaza sigara zake za Camel nchini humo kwa mchoro wa ngamia aliyevaa miwani ya jua, akiitwa Old Joe. Kampuni ilisema kwamba tangazo hilo liliwalenga watu wazima. Fischer na wenzake hawakubishana nayo kwa maneno. Waliwachukua watoto 229 wenye umri wa kati ya miaka mitatu na sita, wakawapa kadi 22 zenye nembo za bidhaa mbalimbali, wakawaomba waweke kila kadi juu ya picha ya kitu inachokitangaza. Ulikuwa mchezo, nao watoto waliucheza kwa furaha.

Matokeo yalichapishwa mwezi wa Desemba 1991. Miongoni mwa watoto wa miaka mitatu, asilimia 30 walimweka ngamia juu ya picha ya sigara. Miongoni mwa wale wa miaka sita, waliofanya hivyo walikuwa asilimia 91.3. Walimjua ngamia wa sigara karibu sawa na walivyomjua Mickey Mouse. Watoto ambao hawajajifunza kusoma walikuwa wamekwisha kusomeshwa na kampuni.

Kampuni ilijibu kwamba kuitambua nembo si kuvuta. Naam, hilo ni kweli, na mwanaisimu hawezi kulikana: kulijua jina la kitu si kukila. Lakini mtoto huanza kwa jina, na njia ya kukitaka kitu hupitia katika kukijua. Isitoshe, katika toleo lilo hilo la jarida, Joseph DiFranza na wenzake walionyesha kwamba katika muda wa miaka mitatu ya Old Joe, sehemu ya wavutaji walio chini ya miaka 18 waliochagua Camel ilipanda kutoka asilimia 0.5 hadi 32.8. Baadaye, kesi zilipofichua nyaraka za siri za makampuni, ilionekana kwamba mwaka wa 1984 kampuni hiyo hiyo ilikuwa imeandikiwa na wataalamu wake kuwa vijana ndio chimbuko la pekee la wavutaji wa kuziba mapengo. Mapengo ya nani? Ya wale wanaoacha na wale wanaokufa. Samaki mkunje angali mbichi: sisi walimu huiandika methali hii ubaoni, wenzetu waliifanyia biashara.

Fischer alitunzwaje kwao? Kampuni ilikwenda mahakamani kudai nyaraka za utafiti wake, yakiwemo majina ya watoto. Alikataa, kwa kuwa wazazi walikuwa wameahidiwa siri. Chuo chake hakikusimama naye. Mwishowe alilazimika kuzisalimisha nyaraka, akaacha ualimu wa chuo kikuu, akarudi kuwatibu wagonjwa wake. Mcheza kwao, safari hii, hakutuzwa. Lakini mwaka wa 1997 Old Joe aliondolewa kabisa katika matangazo, na mwaka wa 1998 makampuni makubwa ya Marekani yakatia sahihi mapatano yaliyopiga marufuku michoro ya katuni katika kutangaza sigara. Kadi 22 na watoto 229 vilikuwa vimeisahihisha sentensi ya kwanza. Watoto hawakujiingiza, waliingizwa.

Huenda msomaji akasema kwamba hayo ni ya Marekani, kwetu kuna sheria. Ni kweli, nasi tuna haki ya kujivunia. Kenya iliridhia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku mwaka wa 2004. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 ilipiga marufuku matangazo ya sigara, ikakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na ikakataza kuuza sigara katika pakiti yenye chini ya sigara kumi. Kanuni zilizofuata zilipopingwa na kampuni ya tumbaku, kesi ilipanda hadi Mahakama ya Juu, nayo mwaka wa 2019 ikaamua kwa faida ya umma.

Sasa, mwalimu, toka nje ya lango la shule yako uende hadi kibanda cha kwanza. Utaona peremende, kalamu, maandazi, na kando yake pakiti ya sigara iliyofunguliwa. Sheria imesema kumi. Kibandani inauzwa moja moja, na kiberiti kimefungwa kwa kamba ili mnunuzi asihangaike. Anayenunua sigara moja moja ni nani, kama si yule mwenye sarafu za nauli mfukoni? Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka wa 2013 miongoni mwa wanafunzi wa miaka 13 hadi 15 ulionyesha kuwa karibu mmoja katika kila kumi alikuwa akitumia tumbaku ya namna moja au nyingine. Katika darasa la wanafunzi 50, hao ni watano.

Aidha, biashara imebadili mavazi. Leo kuna vifuko vidogo vya nikotini vinavyowekwa chini ya mdomo, vyenye ladha ya matunda au mnanaa, visivyotoa moshi wala harufu ya kumfichua mwanafunzi. Kuna sigara za elektroniki zenye rangi za kupendeza kama vichezeo. Sheria ya 2007 iliandikwa kabla ya vitu hivyo kuenea kwetu. Lugha yetu, hata hivyo, ilikuwa na neno lake tayari. Neno uraibu hapo kale lilikuwa jina la vikorombwezo vya tambuu: popoo, chokaa, tumbaku. Leo uraibu ni kile kifungo kinachomfanya mtu ashindwe kuacha. Waliotuachia neno hilo walijua kwamba kitu kinachoanza kwa kutafunwa kwa starehe kinaweza kugeuka bwana wa mtafunaji.

Hapa sina budi kutoa ushahidi dhidi ya nafsi yangu, kwa maana si haki kuwatafuta watenda wa mbali nikamficha wa karibu. Mwaka wa 2003, kabla ya kurudi chuoni kusomea shahada ya uzamili, nilifundisha Kiswahili katika shule moja ya upili. Nilikuwa mvutaji. Wakati wa mapumziko ya asubuhi nilikuwa na mvulana mmoja wa kidato cha kwanza, mwepesi wa miguu na mwaminifu, ambaye nilimtuma kibandani kuniletea sigara mbili. Sikuona ubaya. Kwetu mtoto hutumwa. Kumtuma ni kumwamini. Nilipokuwa mtoto nami nilitumwa hivyo hivyo na wakubwa zangu. Kila siku ya shule, kwa takriban miaka miwili, mvulana yule alizishika sigara za mwalimu wake mkononi kama mtu aliyekabidhiwa amana.

Tulikutana tena hivi majuzi katika kituo cha matatu. Mimi nilikuwa nimeacha sigara tangu 2012. Alinitambua kabla sijamtambua, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniuliza habari za familia na za chuo. Kisha akatia mkono mfukoni, akatoa pakiti, akanisogezea huku akitabasamu. "Chukua, mwalimu," akasema. "Leo ni zamu yangu kukununulia."

Hakunisuta. Alikuwa akinikirimu. Nilimwambia kwamba niliacha, akacheka, akasema amejaribu mara tatu akashindwa. Nilipoingia kwenye matatu nilijaribu kuitunga ile sentensi yetu ya kawaida, kwamba kijana alijiingiza katika uvutaji, na kiambishi ji kikanikwama kooni. Mtenda nilikuwa namjua. Alikuwa amekaa kwenye kiti changu.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. Watakuwepo watakaosema kwamba mtu mzima ana uhuru wa kuvuta. Nakubali, na sheria inakubali. Lakini uhuru huanza pale mtu anapoweza kuchagua, na ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka wa 1994 ilionyesha kuwa wavutaji wazima walio wengi wa nchi hiyo walianza kabla ya kutimiza miaka 18. Anayefungwa akiwa mtoto hawezi kusemwa kwamba alichagua akiwa mtu mzima. Watakuwepo pia watakaotaja kodi na ajira. Hao nawaomba waingie katika wodi ya saratani ya umio au ya mapafu, wakae na jamaa za wagonjwa waliouza shamba na ng'ombe kulipia matibabu, kisha wafanye hesabu upya. Tumbaku si sababu ya pekee ya saratani hizo, lakini ni sababu tunayoweza kuiondoa bila dawa wala mashine.

Basi tuwaheshimuje watafiti hawa? Mapendekezo yangu ni machache, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za wafadhili. Mosi, mwalimu yeyote, mzazi yeyote, asimtume mtoto sigara. Asimtume kamwe, hata kama ni moja, hata kama mtoto ni mwaminifu. Pili, kamati za wazazi na walimu wakuu wawaendee wenye vibanda vilivyo karibu na shule, wawasomee sheria kwa lugha wanayoielewa, na wanaokaidi waripotiwe kwa chifu na kwa maafisa wa afya. Tatu, kisa cha Wynder na Graham, na kisa cha kadi za Fischer, vifundishwe darasani, kwa Kiswahili, kama tunavyofundisha visa vya mashujaa wa vita. Mtoto akiambiwa tu "sigara ni mbaya" atasahau. Akielezwa jinsi ilivyojulikana kuwa ni mbaya, na ni nani aliyetaka isijulikane, atakumbuka.

Nne, nanyi wanafunzi, msingoje kuwa madaktari ndipo mtafiti. Wynder alikuwa mwanafunzi. Hesabuni vibanda vinavyouza sigara moja moja kati ya shule yenu na kituo cha basi. Andikeni ni vingapi vina kiberiti cha kamba, na ni vingapi vimeweka vifuko vya nikotini kando ya peremende. Mkimaliza, mpeni mwalimu mkuu karatasi hiyo kwa adabu, na nakala moja mwiteni chifu aje aichukue katika baraza la shule. Karatasi ya namna hiyo ni utafiti, na huenda ikawa na uzito kuliko hotuba yangu hii.

Yule mvulana wangu wa zamani sasa ana miaka thelathini na ushei. Kwa hesabu ya Doll, akiacha kabla ya kufika arobaini anaweza kuokoa tisa kati ya miaka kumi anayoipoteza. Nilichukua nambari yake ya simu siku ile. Nimempigia mara mbili, na safari ya pili alikubali tuende pamoja kumwona daktari atakayemsaidia kujaribu mara ya nne. Si tuzo, wala hakutakuwa na mpiga picha. Ila nilimtuma kwa miaka miwili. Haki ni kwamba sasa nami nitumike.